Mikupuo Minane ya Sabuni

4 Februari

Mwanangu Kwanini,

Ni shangazi yako, mzima kiasi cha kuweza kulalamika. Goti la kushoto halitaki ngazi, lakini macho bado yanatunga uzi kwenye sindano bila kuomba msaada. Binamu yako seremala amepata mtoto wa pili, wa kike, na sauti yake ni ya msumeno wa baba yake kabisa. Mama yako hajambo. Anakula, analala, anakusalimia.

Nimekuandikia kwa jambo la kazi. Unajua karakana hii ya sabuni ndiyo iliyonilisha tangu nilipofiwa na mume wangu, na miaka yote hiyo sikuwahi kurudishiwa hata mche mmoja. Sasa nimeyaonja. Tunamimina sabuni kwenye masanduku jioni, asubuhi tukifungua tunakuta nyingine imepasuka katikati, ufa umetoka huku mpaka kule kama kisigino cha mtu asiyejitunza. Ingekuwa kila mara ningejua pa kuanzia. Lakini leo nzuri, kesho nzuri, keshokutwa aibu. Mwenye duka la jumla, ambaye ndiye anachukua karibu sabuni yangu yote, ameniambia kwa upole kwamba atavumilia mpaka katikati ya mwaka, halafu atatafuta kwingine. Ninaogopa upole wake kuliko ambavyo ningeogopa matusi.

Mafuta nimebadilisha tangu Oktoba, maana aliyekuwa akiniuzia ya zamani amefunga biashara. Lakini haya mapya nayachunguza kila yanapoletwa, sioni kasoro. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami siongezi neno. Wewe hapo kiwanda cha rangi unalipwa kupanga majaribio. Nipangie na mimi. Nataka jibu la namba, ambalo mtu akilisoma hana la kubisha.

Ningekupigia simu, ila kuta za nyumba hii ni nyembamba.

Shangazi yako

15 Februari

Shikamoo shangazi,

Hongera kwa mjukuu. Mwambie binamu nimefurahi, na kwamba msumeno ukinolewa mapema hudumu. Mimi nipo. Chumba cha kiwandani bado nagawana na yule muuguzi wa zahanati yetu, ambaye akilala anakoroma na akiamka anakana. Kazi ni nyingi, mshahara ni uleule.

Barua yako nimeisoma na kuirudia. Nitakupangia, lakini kwanza nikuombe jambo moja: usianze kubadilisha kitu kimoja, ukaangalia, ukabadilisha kingine, ukaangalia. Najua ndivyo watu wengi tunavyofanya. Mwaka jana rangi yetu ilikuwa inabambuka ukutani. Tulijaribu dawa mpya ya kukausha peke yake, ikawa nzuri. Tukajaribu kupaka nyembamba peke yake, ikawa nzuri. Tukaziweka pamoja kwa furaha, rangi ikabambuka kama ngozi ya kitunguu. Vitu viwili vinaweza kuwa watu wema kila mmoja kwao, ukiwaweka nyumba moja wakagombana. Ugomvi wa namna hiyo huupati kwa kumhoji mmoja mmoja. Lazima upange majaribio yanayowakutanisha.

Kwa hiyo niambie kila kilichobadilika tangu Oktoba, hata kama unaona ni upuuzi. Niambie pia ni jozi zipi unahisi zinaweza kugombana.

Na hili nalo. Oktoba ndiyo mama alihamia kwako baada ya msiba wa baba. Barua yako nzima haisemi nani anakoroga sabuni siku hizi. Nani anakoroga, shangazi? Na hiyo methali ya nguoni ulimkusudia nani?

Wako mtiifu,
Kwanini

2 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unauliza kwa nini mpaka babu yako anajifanya amelala. Naona sasa umepandishwa cheo, unauliza kama askari.

Anakoroga mama yako. Haya, nimesema. Mimi napasha mafuta moto na kupima kostiki, yale magadi makali ya sabuni, yeye anakoroga, anamimina, anafunga masanduku. Ni mke wa marehemu kaka yangu, nilimfuata mwenyewe kumchukua na hakuna aliyenisukuma. Lakini mkono wa mtu ni mkono wa mtu. Kuna anayepanda kitu kikaota, na kuna anayegusa chungu kikavunjika, wala hana nia mbaya. Kabla hajaja, sabuni yangu haikuwa na ufa.

Kama ni mkono wake, sitaweza kumwacha kwenye kazi. Na nje ya kazi, atakaa humu kama nani? Humu ndani kila mtu ana lake la kufanya, na yeye mwenyewe ana kiburi chake, hataki kuitwa mzigo. Itabidi aende kwa dada yake, ambako watu wanalala kwa zamu. Sipendi. Lakini nikipoteza karakana, tutalala kwa zamu sote.

Umeuliza kilichobadilika. Mafuta. Mama yako. Na blanketi, kama nalo ni la kuhesabiwa: upepo ukiwa mkali anafunika masanduku kwa blanketi, anasema sabuni inapigwa na baridi. Mimi sikuwahi kufunika, lakini namwachia, halidhuru. Moto haujabadilika. Napasha mafuta mpaka yawe makali, ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo nitakavyokufa.

Jozi: mafuta mapya huenda yakagombana na moto wangu. Huenda pia yakagombana na blanketi, sijui. Moto na blanketi havijuani, usipoteze muda wako hapo.

Mafuta ya zamani yamebaki kwenye pipa moja. Yanatosha mikupuo minne ya sabuni, yaani kukoroga na kumimina mara nne, hata kijiko hakizidi. Panga ukijua hivyo.

Shangazi yako

11 Machi

Shikamoo shangazi,

Goti linaendeleaje? Muuguzi anasema ulikande kwa maji ya moto, ila anasema hivyohivyo kwa kila ugonjwa.

Ahsante kwa kunijibu waziwazi. Nami nitakuwa muwazi. Mama simtetei wala simshitaki, namweka kwenye mpango pamoja na mafuta, moto na blanketi. Vitu vinne, kila kimoja kwa namna mbili: mafuta ya zamani au mapya, moto mkali au vuguvugu, blanketi au hapana, ukoroge wewe au akoroge mama. Kukutanisha kila namna na kila namna kunataka mikupuo kumi na sita, na nusu yake ingekula mafuta ya zamani ambayo huna. Kwa hiyo tutafanya nusu, minane tu. Karatasi nyingine inaonyesha kila mkupuo.

Nusu siyo ya bure. Ukiacha majaribio mengine, kuna maswali mawili yatakayopewa jibu moja, na kazi ya mpangaji ni kuchagua maswali yapi yaungane. Jozi ulizoziogopa, mafuta na moto, mafuta na blanketi, nimezilinda. Umesema moto na blanketi havijuani, basi nimemfunga mkorogaji hapo, yaani swali lake na swali la jozi hiyo ndiyo yanayoungana. Pakiwa na moto mkali na blanketi kwa pamoja, anakoroga mama. Pasipo chochote kati ya hivyo viwili, mama tena. Pakiwa na kimoja tu, unakoroga wewe. Kama umekosea kuhusu jozi hiyo, niambie kabla hujawasha jiko.

Usiifanye kwa mpangilio wa karatasi. Andika vikaratasi, vitikise ndani ya sufuria, uokote, ili upepo na jua visimpendelee mtu. Anayekagua nyufa awe binamu, na asiambiwe mkupuo upi ni wa nani. Na tafadhali mwambie mama kwamba tunajaribu sabuni. Asije akadhani anajaribiwa yeye.

Wako,
Kwanini

20 Aprili

Mwanangu,

Hatujambo. Mtoto wa seremala ameanza kucheka.

Tumefanya. Vikaratasi nilitikisa, seremala amekagua bila kujua kitu. Katika mikupuo minane, sita ni mizima. Miwili imepasuka, mmoja wa mafuta ya zamani na mmoja wa mapya, kwa hiyo mafuta yameondolewa lawama. Yote miwili alikoroga mama yako. Minne niliyokoroga mimi haina hata mkwaruzo.

Sikuongeza chumvi. Mama yako alikuwepo masanduku yakifunguliwa. Ile habari kwamba tunajaribu sabuni nilimwambia, lakini mwenye macho haambiwi tazama. Alisimama pale, akafuta mikono kwenye nguo, akaingia ndani. Juzi ameniambia ataondoka mwisho wa Mei, kuna kitanda kitakuwa wazi kwa dada yake. Nikamjibu sawa.

Nimekuandikia usije ukasikia kwa wengine. Ahsante kwa mpango wako, umenisaidia. Lakini tangu Februari unamsemea mama yako kwa namba, na hujaandika hata mstari mmoja kwamba aje kwako. Nami nimeliona.

Shangazi

27 Aprili

Shikamoo shangazi,

Unisamehe, leo sitauliza habari za goti.

Mpango haukusema ulichosikia. Chukua ile karatasi uitandaze mbele yako. Mikupuo miwili iliyopasuka alikoroga mama, ni kweli. Lakini angalia tena: ndiyo miwili pekee katika yote minane ambayo ilikuwa na moto mkali na blanketi kwa pamoja. Hakuna mwingine. Kwa hiyo ama ni mkono wa mama, ama ni moto wako na blanketi lake vikikutana, na karatasi ile haina uwezo wa kutofautisha. Niliyoifunga hivyo ni mimi. Uliniambia vitu hivyo havijuani, nikakubali upesi, nikamweka mama mahali palepale ambapo ugomvi wao ungeandikwa kwa jina lake. Nilipaswa kusita. Blanketi limeingia humo Oktoba kama mama, na wewe moto wako umeuzoea kiasi kwamba huuoni.

Fikiri pia hili. Mama alikoroga minne, na miwili kati ya hiyo, ya vuguvugu bila blanketi, imetoka mizima. Mkono mbaya gani huo unaochagua siku?

Mafuta yameondolewa lawama, umesema mwenyewe, basi hatuhitaji tena ya zamani. Nakuomba mikupuo minne tu ya mafuta mapya. Moto na blanketi, moto bila blanketi, vuguvugu na blanketi, vuguvugu bila blanketi. Ila wakorogaji wabadilishane: pale mama alipokoroga, koroga wewe, na pale ulipokoroga wewe, akoroge yeye. Hiyo ndiyo nusu nyingine tuliyoiacha, au kipande chake kinachotutosha. Ule wa moto na blanketi ukitoka mzima mikononi mwako, nitanyamaza, na mama nitampokea kituoni mimi mwenyewe na kumpeleka kwa dada yake.

Kuhusu mstari ambao sikuuandika, ni kweli. Chumba hiki hakiruhusu mgeni wa kukaa, lakini hiyo siyo sababu yote. Baba alipofariki, mama alikuwa akilia nami nakaa pembeni yake sina la kumwambia, nikawa natamani nirudi kazini. Ulipokuja kumchukua nilishusha pumzi. Naona aibu kuandika hivi, lakini wewe ulisema umeliona.

Tafadhali, kabla ya mwisho wa Mei.

Kwanini

19 Mei

Mwanangu Kwanini,

Goti linauma, kwa kuwa hukuuliza. Mjukuu ameota jino. Mwenye duka la jumla alipita jana, nitakueleza mbele.

Barua yako niliisoma siku ilipofika, nikaikunja, nikaiweka chini ya mzani, nikaendelea na kazi. Nisikudanganye kwamba ilichelewa njiani. Niliona unamtafutia mama yako mlango wa kutokea, na nilishachoka. Kila nikipima kostiki naiona pembe ya karatasi inachungulia. Mama yako naye alikuwa ameshaanza kukunja nguo, kidogo kidogo, kila siku mbili tatu, kama mtu asiyetaka kumwamsha mwenye nyumba.

Wiki iliyopita nikasema potelea mbali, mikupuo minne haiui mtu. Sikumweleza sababu. Nilimpa miwili yake, akakoroga bila kuuliza, akafunika mmoja nilipomwambia funika, kama kibarua anayemalizia zamu. Mimi nikakoroga yangu. Ule wa moto na blanketi nilioukoroga kwa mikono hii, nakuapia, niliukoroga vizuri kuliko sabuni yoyote niliyowahi kutengeneza. Nilitaka utoke mzima. Nataka ulijue hilo.

Asubuhi nilitangulia karakana kabla yake. Mikupuo miwili ya mama yako, mizima. Wangu wa vuguvugu, mzima. Wangu wa moto na blanketi ulikuwa umepasuka kutoka kichwani mpaka miguuni.

Nilikuwa peke yangu. Kisu kipo, jiko lipo. Sabuni iliyopasuka ukiikatakata na kuiyeyusha inakuwa sabuni nyingine, na hakuna ambaye angejua. Wewe uko mbali, yeye hakuwa anajua kinachotafutwa. Sikwambii kwamba sikufikiria. Niliivuta sufuria karibu. Halafu nikaona huyu mtu atapanda gari, na mimi nitabaki na moto wangu na karakana yangu, na kila nitakaposikia upepo nitajua.

Nikamwita. Nikamwonyesha sanduku, nikamwambia, "Huu niliukoroga mimi."

Aliinama akaweka kiganja juu ya ufa. Akasema ndani bado kuna joto. Ndipo nikamweleza yote, barua yako na kile nilichokielewa palepale: sabuni yenyewe inajipasha ikiwa inaganda, moto wangu peke yake inauvumilia, blanketi lake peke yake inalivumilia, vikija pamoja joto linakosa pa kutokea na sabuni inajipasua. Kidole kimoja hakivunji chawa. Nikamwambia na habari ya ile karatasi, jinsi ilivyomwandika yeye kwa kosa letu mimi na wewe. Akawa anaitikia kwa kichwa. Nikaona mambo yamekwisha, nikamwambia arudishe nguo zake kabatini, chai inapoa.

Hakuondoka. Aliniuliza, "Wifi, ungetoka mzima, ungeniita?"

Nikasema hayo ni maswali ya nini tena, na kazi inatusubiri. Akasema nimjibu, maana jibu langu ndilo litakalomwambia kama anakaa. Mwanangu, nimeishi na watu wengi na nimejibu maswali mengi, lakini hilo sikuwahi kuulizwa. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, mzuri, umevaa na viatu.

Nikamwambia, "Nisingekuita. Ningekusindikiza kituoni, na mzigo ningekubebea."

Akachukua kile kisu, akaanza kuikata sabuni yangu vipande vya kuyeyusha.

"Basi nakaa," akasema. "Ungesema ungeniita, ningeondoka leo."

Hatujalizungumza tena. Sasa napunguza moto, naye blanketi ameliacha, maana kwa vuguvugu halina kazi. Ananisimamia na kipimajoto kama mkaguzi wa serikali na ananikera sana. Mwenye duka alikagua masanduku yote jana, akachukua yote, akaagiza mengine. Karakana ipo.

Barua yako ya Aprili nimemsomea mama yako yote. Nilitaka kuruka pale ulipoandika unaona aibu, lakini alinishika mkono, akasema soma na hapo. Alisikiliza mpaka mwisho. Hana barua ya kukuandikia, unamjua. Amesema nikwambie usiende kituoni kumpokea mtu, panda gari uje wewe. Anasema hatalia. Na akilia, kaa tu hapo karibu yake, hutakiwi kumwambia kitu.

Shangazi yako, na mama yako pembeni yangu